Kufufua sanduku la siga lililotelekezwa, pamoja na siga zilizokauka ndani yake

Masanduku mengi yanayofika kwenye meza yangu hapa Lubumbashi hutoka kwa familia ambazo mzee amefariki na hakuna mwingine nyumbani anayevuta. Sanduku limekaa juu ya kabati kiangazi baada ya kiangazi, na siga zilizomo, zile nene za jani tupu, ukizibonyeza zinalia kama maganda makavu ya mahindi. Wenyewe huuliza swali lilelile: "Papa fundi, si tutie maji kidogo ndani, tufunge?" Hapana, mama. Tunaanza na mbao, siga zitangoja.

Hatua ya 1: Toa kila kitu. Siga ziweke kwenye chombo cha plastiki chenye kifuniko, bila maji. Sponji ya zamani ya kutia unyevu itupe, imeshashika ukungu.

Hatua ya 2: Safisha. Ndani ya sanduku zuri kuna mbao ya Cedrela odorata kutoka Amerika, haina vanishi, na ibaki hivyo. Vumbi lifute kwa kitambaa kikavu. Penye ukungu pitisha alkoholi ya farmasi ya asilimia 90, acha wazi mpaka harufu iishe, kisha msasa laini wa 220 kidogo tu. Usioshe kwa maji, mbao itapinda. Kama ubao wa ndani umevunjika, usizibe kwa mukula, ule mti mwekundu wa kwetu: rangi yake nyekundu itahamia kwenye siga. Mimi hutunza vibao vyembamba vya maboksi ya siga yaliyokwisha, vinafaa kabisa.

Hatua ya 3: Pima kipimaunyevu chako, maana vya zamani hudanganya sana. Jaza chumvi kwenye kifuniko cha chupa, tia matone ya maji iwe uji mzito bila kuyeyuka yote. Kifunge pamoja na kipimo ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa kwa saa 24. Kinatakiwa kusoma 75. Kikisoma 70, basi kumbuka kuongeza 5 kila ukikitazama.

Hatua ya 4: Nywesha mbao. Hapa ndipo watu wengi wanapokosa subira. Weka kisahani chenye sponji mpya na maji yaliyotoneshwa juu ya kipande cha plastiki ndani ya sanduku, funga, acha wiki moja hadi mbili. Maji ya bomba yana chokaa. Ukienda kununua yaliyotoneshwa kwa wauza betri za sola, soma chupa vizuri, kwani tindikali ya betri hukaa rafu moja na maji. Sanduku lisikae karibu na mbabula (jiko la makaa) wala dirishani. Kisha ondoa kisahani, weka vifuko vya unyevu vya asilimia 69 (hushikilia unyevu wa sanduku kwenye kiwango hicho), subiri siku mbili. Kipimo kikibaki kati ya 65 na 70, mbao imeshiba. Kikishuka, rudisha kisahani.

Kifuniko kisichobana usikiguse kabla ya hapa. Mbao ikinywa inavimba, na ukiwa umeshaongeza kibao, hakitafunga tena. Sasa ndiyo weka taa ya simu ndani, zima taa za chumba, utazame mwanga unapotokea: hapo ndipo pa kuongeza kibao.

Hatua ya 5: Chambua siga. Manyoya ya kijani au ya bluu ni ukungu. Yakiwa yameingia upande wa kuwashia, tupa. Vitundu vidogo kama vya sindano ni vya mdudu wa tumbaku, Lasioderma serricorne, ambaye mayai yake huanguliwa joto likizidi nyuzi 24 hivi. Joto letu la Oktoba linampenda. Siga zifunge mifuko miwili, ziwe kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri siku tatu, halafu siku moja kwenye friji ya kawaida. Umeme ukikatika katikati, anza kuhesabu upya.

Hatua ya 6: Ziamshe. Jani la nje likinywa upesi kuliko la ndani, au kinyume chake, siga inapasuka. Kwa hiyo anza na vifuko vya asilimia 62 ndani ya chombo cha plastiki kwa wiki mbili, panda hadi 65 wiki mbili nyingine, ndipo uzihamishie sandukuni kwenye 69. Zigeuze robo mzunguko kila siku chache. Iliyokauka sana inaweza kudai miezi miwili au mitatu. Utajua imerudi ukiibonyeza taratibu nayo ikasimama tena bila mlio.

Mafuta ya jani yaliyokwisha kupotea hayarudi, mteja nimwambie mapema: itavutika vizuri, lakini utamu wake umepungua.

Ufa mdogo wa jani la nje upake gundi ya akasia kwa ncha ya kidole, ushike mpaka ikauke. Zilizopasuka hadi ndani zikatekate, mpe mwenye kiko.