Tanki la presha la lita ngapi linaifaa pampu yako?

Pampu inawaka, inazima, inawaka tena, na bomba lililofunguliwa ni moja tu. Nikiitwa kwa tatizo hilo, mara nyingi nakuta tanki la presha (chombo chenye maji ndani ya mpira na upepo unaoyasukuma) la lita 24 limefungwa kwenye pampu inayohitaji kubwa zaidi. Tupige hesabu ya nyumba moja ya ghorofa yenye simtanki chini.

Hatua ya 1: pima pampu. Namba kubwa kwenye kibao ni ya pampu isiyosukuma mlima wowote, achana nayo. Bana koki mpaka geji ya presha isimame karibu na baa 2, kinga ndoo ya lita 20, tazama saa. Hapa ilijaa kwa sekunde 30: lita 40 kwa dakika, yaani 2,400 kwa saa.

Hatua ya 2: soma swichi ya presha. Inawasha kwenye baa 1.5, inazima kwenye 3. Upepo wa tanki uwe baa 0.2 chini ya presha ya kuwasha, yaani 1.3. Upime kwa geji ya matairi, pampu ikiwa imezimwa na maji yote yamemwagwa; la sivyo utasoma presha ya maji.

Hatua ya 3, ndiyo inayowaponza wengi. Lita 24 ni ujazo wa tanki, si maji utakayopata. Ongeza 1, presha ya hewa inayotuzunguka, kwenye kila presha: 2.3 ya upepo, 2.5 ya kuwasha na 4 ya kuzima. Gawanya 2.3 kwa 2.5 upate 0.92, 2.3 kwa 4 upate 0.575. Tofauti ni 0.345, kama theluthi hivi. Tanki lile linatoa lita 8 na kidogo. Ukiflashi choo cha zamani mara moja, kwisha.

Hatua ya 4: mara za kuwaka. Balaa kubwa ni mkivuta nusu ya uwezo wa pampu, lita 20 kwa dakika. Tanki linajaa kwa sekunde 25, linaisha kwa 25, na pampu inawaka mara 72 kwa saa! Mimi sivuki mara 20 kwa saa, na kitabu cha pampu kikitaja pungufu nafuata kitabu. Gawanya 2,400 kwa (4 × 20): lita 30 za maji; 4 inatokana na kujaa na kuisha (mara 2), kila kimoja kwa nusu ya kasi ya pampu (mara 2 tena). Gawanya 30 kwa 0.345: lita 87. Dukani chukua la 100, au mawili ya 50 uyaunge pamoja, kazi ni ileile.

Baada ya miezi kadhaa kuwaka-zima kukirudi, bonyeza nozeli ya upepo. Ikitema maji, mpira wa ndani umepasuka.