Kiungo cha somo kitumwe kwa barua pepe tu

Kwa wenzangu wa Lamu mnaofundisha mtandaoni, iwe kuchonga milango au kupika mahamri: kiungo cha Zoom msikitupe kwenye kundi la WhatsApp, wala kwenye ujumbe wa shukrani unaotokea mtu akishajaza fomu ya kujiandikisha. Wekeni fomu ya Google yenye jina, barua pepe, na kisanduku cha kukubali kupokea habari zenu baadaye (asiyekitia alama msimtumie habari hizo, sheria ya Kenya ya kulinda data ya 2019 inataka ridhaa). Kiungo kitumeni kwa barua pepe saa moja kabla ya somo. Mtu akijua kiungo kitapitia huko, haandiki anwani ya uongo. Kesho yake asubuhi tumeni vipimo vya unga au mchoro wa nakshi, somo likiwa bado moto. Hapo ndipo watu huzoea kufungua barua zenu. Wapo watakaoandika “gmial.com”, kwa hiyo pitieni orodha mapema. Tena wageni wa ng'ambo huchanganywa na saa 2 usiku: waandikieni 20:00, saa za Nairobi. Kama wanafunzi wenu ni majirani wasiofungua barua pepe kabisa, mbinu hii haifai. Bakini na WhatsApp.