Kabla Hujashuka Melini Santorini: Anza na Saa ya Kurudi

Zile meli za kitalii zinazotoka Piraeus, bandari ya Athens, na kuzunguka visiwa vya Ugiriki kwa siku tatu au nne huipa Santorini saa chache tu, mara nyingi jioni. Watu huzigawa saa hizo kwa matamanio: kijijini Oia tutapiga picha, mjini Fira tutakula, jua likizama tutakuwa pale kwenye ngome ya Oia. Hesabu ikianzia hapo imeshaharibika. Shika karatasi ya ratiba ya meli, tafuta saa ya boti ya mwisho ya kuwarudisha watu melini, halafu rudi nyuma hatua kwa hatua hadi ujue ni saa ngapi lazima uwe umesimama kwenye foleni ya kushuka bandarini. Muda unaobaki hapo ndio wako.

Viza kwanza, maana hiyo hukwama kabla hata hujaiona bahari. Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda anahitaji viza ya Schengen, ile moja ya nchi nyingi za Ulaya, kuingia Ugiriki. Nyingi ya ziara hizi hupita Kuşadası, upande wa Uturuki, na Uturuki haimo kwenye Schengen. Ukishuka Kuşadası na kurudi Ugiriki umetoka na kuingia tena, kwa hiyo viza ya kuingia mara moja haikutoshi. Omba ya kuingia mara nyingi tangu mwanzo, na ratiba ya meli uiambatishe kwenye maombi. Usimwachie wakala akuambie "hiyo itakuwa sawa", kwa sababu anayezuiwa kwenye ngazi ya meli pale Piraeus ni wewe. Uturuki nayo ina masharti yake. Waulize wenye meli kwa maandishi, jibu ulitunze. Wenye kibali cha ukaazi Ujerumani au Uholanzi hawana shida hii ya viza ya Schengen, ila mama na baba wanaowaalika kutoka nyumbani wanayo.

Ada ya kushuka: tangu Julai 2025 kila abiria wa meli anayeshuka Santorini anatozwa, euro 20 kuanzia Juni hadi Septemba, 12 mwezi wa Aprili, Mei na Oktoba, na 4 miezi ya baridi. Uliza kama imo kwenye nauli yako.

Viatu viwe vya kushika chini. Kofia. Mafuta ya kukinga jua. Maji ya chupa, maana ya bomba kisiwani hayanyweki vizuri. Karatasi ya chooni hutupwa kwenye ndoo pembeni, kwenye choo hapana. Mabomba yao ni membamba. Wasiokula nguruwe waulize kabla ya kuagiza, kwa sababu ile nyama ya kuchonga kwenye mkate, gyros, mara nyingi ni nguruwe. Ya kuku ipo, unaitaja tu: kotopoulo.

Simu iweke kwenye hali ya ndege tangu meli inapoondoka gatini. Baharini hushika mtandao wa meli unaopitia setilaiti, na bando lako la Ulaya halihusiki nao hata kidogo. Ukifika nchi kavu, fungua.

Saa nazo zina mambo yake. Kipindi cha joto Ugiriki inakwenda sawa na Nairobi na Dar es Salaam, hivyo mgeni kutoka nyumbani hana la kubadilisha. Lakini meli ikitokea Italia kuna tofauti ya saa nzima, na simu hujibadilisha yenyewe wakati meli inaweza kubaki na saa yake. Fuata saa ya meli. Na kwenye familia zetu, ambako bibi anasema saa tatu usiku na mjukuu aliyezaliwa Hamburg anaelewa kitu kingine, msitamkiane. Andikeni 21:00 kwenye karatasi, kila mtu atie mfukoni.

Sasa tuje kwenye penyewe.

Santorini ni kingo za mlima wa volkano uliolipuka miaka kama 3,600 iliyopita, katikati yake ukazama na bahari ikajaa. Meli inaingia humo ndani, kwenye maji yenye kina cha zaidi ya mita 300, na hakuna gati la kuifunga chini ya Fira. Abiria hushushwa kwa boti za wenyeji hadi bandari ya zamani, na mji wenyewe uko juu ya genge, mita 220 kutoka majini. Njia za kupanda ni tatu: gari la nyaya, punda, na ngazi karibu 590. Ngazi na punda ni njia moja. Mawe yamesuguliwa na kwato kwa miaka mingi mpaka yanateleza, na kinyesi kiko kila kona. Punda siwapendekezi. Ugiriki ilitoa agizo mwaka 2018 kwamba mnyama asibebeshwe zaidi ya kilo 100 au moja ya tano ya uzito wake, kwa hiyo hata ambaye hawaonei huruma ajipime kwanza.

Linabaki gari la nyaya. Vyumba vyake huenda sita kwa mpigo, kila chumba watu sita. Watu 36. Ukiwa na watu 1,000 juu wanaotaka kushuka, hiyo ni mizunguko 28, na kisiwa kimeweka kikomo cha abiria 8,000 wa meli kwa siku. Kupanda si tatizo kubwa, kwa kuwa boti huleta watu kidogo kidogo. Kushuka ndiko kunakoua, kwa sababu wote wanashuka saa ile ile, na saa hiyo ni jua likishazama.

Tulikuwa familia mbili, na mama yetu mkubwa kutoka Tanga ambaye alikuwa amekuja kuwatembelea wanawe. Goti lake la kulia halikunjiki vizuri, na presha anayo ya miaka. Ilikuwa Septemba, boti ya mwisho imeandikwa 21:00. Shemeji alikuwa ameshaamua kwamba mama hawezi kutoka Tanga mpaka Santorini asione jua likizama Oia, na ukimfahamu shemeji yangu, akishaamua basi. Oia iko kilomita kama 11 kutoka Fira, barabara ni moja, nyembamba, inapita ukingoni. Kwenda tulikwenda vizuri kwa basi la umma. Wanangu walianza kusinzia kabla ya jua kugusa maji, nikawachukua tukarudi Fira mapema, tukashuka bila foleni yoyote ya kutaja. Wao wakabaki.

Jua lilizama mnamo saa moja na nusu. Watu walipiga makofi, kama kawaida yao pale, halafu wakageuka wote kwa pamoja. Basi la kwanza likajaa, la pili likajaa, teksi hamna. Kisiwa chote kina teksi chache mno na saa ile zote zimeshikwa. Walipofika Fira ilikuwa imebaki nusu saa, na foleni ya gari la nyaya ilikuwa imetoka kwenye kituo, imepita maduka ya dhahabu, imekata kona. Mimi nilikuwa chini gatini na watoto, nimekataa kupanda boti. Naangalia juu: taa sita zinashuka, milango inafunguka, watu 36 wanatoka, mama hayumo. Taa sita tena. Hayumo.

Dada akanipigia. Mama mkubwa alikuwa amewaambia, "Niacheni mie, wanangu, shukeni nyie." Shemeji na kijana wake wakateremka ngazi gizani kuja kuwaomba watu wa meli wasubiri. Walifika wamelowa jasho, kijana amechubuka kiwiko. Yule ofisa wa meli hakuwa mtu mbaya. Alisubiri kidogo kupita saa iliyoandikwa, akazungumza na redio yake, kisha akasema boti inaondoka. Alituuliza kitu kimoja: hawa walioko juu wamekuja na ziara ya meli? Hapana, wamekuja wenyewe. Basi.

Hilo nataka ulishike. Ukilipia ziara inayouzwa na meli, meli inajua uko wapi na inakungoja, maana ni msafara wake. Ukijipeleka mwenyewe, inaondoka. Ziara za meli ni ghali na mara nyingi zinachosha, na mimi sizipendi, lakini kwa Santorini jioni, na mzee mwenye goti, ningelipa. Tena wa ziara kwa kawaida hushushwa Athinios, bandari ya feri, na basi linawasubiri pale pale, hivyo foleni ya kupanda hawaioni. Ya kushuka wanaiona kama kila mtu, tofauti ni kwamba wao wanangojwa.

Dada na mama walibaki kisiwani. Pasipoti zilikuwa melini, mapokezi walizikusanya siku ya kwanza. Meli ikazishusha kwa wakala wake wa bandarini, na yeye ndiye aliyewapata usiku ule. Namba ya wakala huyo huandikwa kwenye karatasi ya ratiba ya kila siku, chini kabisa, kwa herufi ndogo ambazo hakuna anayezisoma. Piga picha karatasi hiyo. Piga picha pia ukurasa wa pasipoti na wa viza. Chumba cha kulala walikipata kwa bei ambayo dada hadi leo haitaji mbele ya mumewe, na kesho yake wakapanda feri Athinios kwenda Piraeus. Bima ilisema kuchelewa kwa kujitakia hailipi.

Ila lililotunyima usingizi sote lilikuwa dawa. Vidonge vya presha vya mama vilikuwa kwenye droo ya chumba chetu melini, vinasafiri kwenda Piraeus bila mwenyewe. Duka la dawa la Fira lilikuwa limefunga. Dada alimpimia mama hali yake kwa kumtazama usoni mpaka asubuhi. Kwa hiyo: dawa za siku mbili, kwenye mkoba, kila mnaposhuka, hata kama mnashuka kununua maji. Jina la dawa liandikwe lile la kitaalamu lililoko ubavuni mwa boksi, maana jina la kibiashara la Tanga mfamasia wa Ugiriki anaweza asilijue. Miwani, kipimo cha sukari, hivyo navyo.

Ukiwa na saa nne au tano, na mzee au watoto, baki Fira. Ukingo unatazama magharibi, jua linazama mbele yako. Tembeeni mpaka Firostefani, kijiji jirani, ni mwendo mfupi na watu ni wachache, mkishaliona jua limeshuka robo tatu ya njia yake geukeni. Kuzama kwenyewe mtakuona mkiwa kwenye foleni, au kwenye boti, ambako kwa macho yangu ndiko pazuri zaidi. Mkitaka Oia nendeni mara tu mnaposhuka melini, kabla ya yote, na muwe mmerudi Fira ukiwa umebaki muda wa saa mbili nzima kabla ya boti ya mwisho. Wenye siku nzima wanaweza kwenda Akrotiri, mji uliofunikwa na majivu ya mlipuko ule. Una paa juu na njia za mbao, hata mwenye goti anaumudu. Msijaribu kuunganisha Akrotiri na Oia. Mtaona vyote kupitia dirisha la basi.

Kabla ya kuchagua tarehe, tazama ratiba ya meli zinazotarajiwa siku hiyo; hutangazwa mtandaoni mapema. Siku yenye meli moja na siku yenye meli nne ni visiwa viwili tofauti.

Fedha taslimu kidogo, za basi na za punda kwa asiyenisikia. Watoto waandikiwe namba ya simu mkononi. Usikanyage kuta nyeupe wala mapaa kwa ajili ya picha, ni nyumba za watu. Mkifika gatini sikilizeni mabaharia wa boti wanaposema keti. Maji ya ghuba hiyo ya volkano yanaonekana matulivu, lakini mwaka 2007 meli ya Sea Diamond iligonga mwamba ndani ya ghuba hiyo hiyo ikazama, na bado iko chini. Mapema mwaka 2025 matetemeko ya ardhi yaliwahamisha maelfu ya wakazi kwa muda, kwa hiyo soma habari za wiki hiyo kabla ya kuondoka nyumbani. Na Julai na Agosti kuna upepo wa kaskazini, meltemi, unaoweza kumfanya nahodha aipite Santorini bila kusimama kabisa. Ukiwa umelipia gari au mwongozaji wako mwenyewe kisiwani, uliza leo, kwa maandishi, kama fedha inarudi meli isipotia mguu.