Jinsi ya Kuusoma Muswada Unaogusa Ongezeko la Watu

Andaa kikokotoo na kalamu nyekundu. Muswada wa maji, ardhi au afya unaotaka kuutolea maoni hausomwi kama gazeti.

Anza na hesabu. Gawanya 70 kwa asilimia ya ongezeko la watu kwa mwaka, utapata takriban miaka itakayopita kabla idadi haijawa maradufu. Asilimia 2 ni miaka 35, asilimia 3.5 ni miaka 20. Mwaka ambao idadi itakuwa maradufu uandike pembeni mwa ukurasa wa kwanza, kisha kila kifungu chenye kiwango kipime nao. "Kila kijiji kitakuwa na kisima kimoja" ni maneno matamu leo, lakini watu wakiongezeka maradufu kijiji ni kilekile, na foleni ya ndoo imerefuka. Mimi hupendekeza kisima kihesabiwe kwa idadi ya watu, na idadi hiyo ipitiwe upya baada ya kila sensa. Nikiumaliza muswada bila kulikuta neno "sensa", nashtuka.

Sasa shika kalamu, uvizungushie vitenzi. "Waziri anaweza kutenga fedha" maana yake asipotenga hana kosa. "Waziri atatenga fedha" ni wajibu. Niliwahi kusoma muswada wa maji ambamo mwananchi aliandamwa na "atalazimika" kila ukurasa, huku serikali ikipewa "inaweza" tupu. Nilikesha nao, kwa uchungu.

Halafu tazama amri inamwangukia nani. Hapa usilegeze kamba hata kidogo. Tangu mkutano wa kimataifa wa haki za binadamu wa Tehran wa 1968, mataifa yalikubali kwamba wazazi wana haki ya kuamua kwa hiari na kwa uwajibikaji idadi ya watoto wao na nafasi kati yao. Katika mkutano wa idadi ya watu na maendeleo wa Cairo, 1994, nchi 179 zikaweka haki na afya mbele ya malengo ya namba. Nchi zilizoliamrisha tumbo la mama ziliumiza watu. Romania ilipiga marufuku utoaji mimba 1966 ili watu waongezeke, na wanawake wengi wakafa kwa kutoa mimba kwa siri. China ilishika sera ya mtoto mmoja hadi 2015, pamoja na kulazimisha watu kufunga uzazi. Kufikia 2021 ikawa inaruhusu watatu.

Kwa hiyo kifungu kinachomwadhibu mzazi kwa idadi ya watoto, pendekeza kifutwe. Mahali pake dai wajibu wa serikali: binti abaki shuleni, ndoa isiwe chini ya miaka 18, huduma za uzazi wa mpango zipatikane kwa anayezitaka, mwanamke amiliki ardhi kwa jina lake.

Mwisho tafuta mlango wa mahakama, yaani kifungu kinachomruhusu mwananchi kwenda kushtaki wajibu usipotimizwa. Kanuni ya 10 ya Azimio la Rio la 1992 kuhusu mazingira na maendeleo inataka watu wapate taarifa za mazingira, washiriki katika maamuzi, na wawe na njia ya kudai haki. Kama mlango haumo, uombe.

Maoni yako yapange safu tatu: namba ya kifungu, maneno yaliyopo, maneno unayotaka. Yafikishe kwa kamati ya bunge inayoushughulikia muswada kabla siku ya mwisho haijapita.