Boila ya umeme haipashi maji au inadondosha: pima kabla hujanunua kifaa

Boila ya tangi haina siri nyingi. Kuna tangi, elementi inayopasha maji, thamostati inayokata umeme joto likifika, na valvu ya usalama inayoachia maji presha ikizidi. Ikigoma, wengi hukimbilia kununua elementi mpya, na mara nyingi elementi haina kosa lolote. Mwongozo huu ni wa boila ya umeme ya nyumbani inayojazwa na presha ya bomba. Ya gesi haimo humu. Hiyo mwachie fundi mwenye leseni. Andaa multimita (kipimo cha volti na omu), bisibisi na geji ya presha.

Hatua ya 1: Kata umeme, kisha thibitisha umekatika

Zima breka ya boila kwenye kisanduku kikuu. Swichi ya ukutani usiitegemee, kwa sababu kama waya zilifungwa kinyume, itakata nyutro (waya wa kurudisha umeme) na kuacha laivu (waya unaoleta umeme) ikiwa hai. Fungua kifuniko, pima volti kati ya laivu na nyutro, laivu na ethi (waya wa ardhini), kisha nyutro na ethi. Kote isome sifuri. Kabla na baada ya hapo, jaribu multimita kwenye soketi unayojua ina umeme, maana mita mbovu nayo husoma sifuri.

Hatua ya 2: Tazama mahali waya zinapofungwa

Mimi huanzia hapa kila mara. Elementi ya kilowati 3 kwa volti 230 huvuta takriban ampea 13 muda wote inapopasha, na skrubu iliyolegea hupata moto hadi plastiki inageuka nyeusi. Ukiona hivyo, kata waya hadi ufikie shaba inayong'aa, badilisha kiungio kilichoungua, kaza vizuri. Ukiona madoa meupe au ya kijani, gasketi ya elementi (mpira unaozuia maji yasivuje) inavujisha maji juu ya nyaya. Tengeneza uvujaji kwanza, la sivyo hitilafu ya umeme itarudi.

Hatua ya 3: Kitufe cha usalama

Thamostati nyingi hufanya kazi mbili. Moja hukata joto likifika kiwango ulichochagua, kisha hurudi yenyewe. Nyingine ni ya usalama: maji yakipata moto kupita kiasi hukata moja kwa moja, na hairudi mpaka mtu abonyeze kitufe, ambacho mara nyingi ni chekundu. Tafadhali usikibonyeze na kuondoka. Kikiruka, kuna sababu: huenda swichi ya ndani imegandana, au kichunguzi cha joto kimechomoka mahali pake. Kibonyeze, rudisha kifuniko, washa, acha boila ipashe hadi ijikate, kisha pima maji ya moto kwa kipimajoto. Yakipita sana kiwango ulichoweka, badilisha thamostati nzima.

Kiwango chenyewe kiwe nyuzi 60. Najua wako wanaoshusha hadi 45 ili kuokoa umeme, lakini bakteria wa Legionella, wanaoleta homa kali ya mapafu, hustawi kwenye maji ya nyuzi 20 hadi 45. Weka 60, uchanganye na maji baridi bombani.

Hatua ya 4: Pima elementi

Umeme ukiwa umekatwa tena, chomoa waya zake zote mbili, weka mita kwenye omu (kipimo cha ukinzani) na upime kati ya ncha zake mbili. Zidisha volti kwa volti, gawanya kwa wati, utapata omu unazotarajia. Kwa volti 230, elementi ya wati 3000 husoma karibu omu 18, ya 2000 karibu 26, ya 1500 karibu 35. Mita isiposoma kitu, elementi imekatika.

Sasa pima kila ncha dhidi ya mwili wa tangi. Hapo hakutakiwi kusoma kitu. Kuna kesi ngumu kidogo: breka inayokata umeme ukivuja, ambayo majumbani huwa ya miliampea 30, inaruka baada ya dakika kadhaa za kupasha, ilhali multimita inaonyesha elementi ni nzima. Betri ya mita haina nguvu ya kufichua uvujaji huo. Mwite fundi mwenye kipimo cha insulesheni (kizuizi cha umeme usivuje) cha volti 500. Ikisoma chini ya megaomu 1, elementi itoke. Kuondoa breka hiyo ili boila iendelee kufanya kazi ni kuhatarisha maisha ya anayeoga.

Hatua ya 5: Presha

Uliza kwanza: valvu ya usalama inadondosha lini?

Ikidondosha wakati wa kupasha tu, maji yanatanuka. Tangi la lita 100 likitoka nyuzi 15 hadi 60 huongeza karibu lita 1.6, na kama bomba la kuingilia lina valvu ya kutorudisha maji, ziada hiyo hupitia valvu ya usalama. Si ubovu. Usipoyataka matone hayo, funga tangi dogo la kutanukia. Kama tayari lipo, funga maji, toa presha, bonyeza pini ya upepo: yakitoka maji, mpira wa ndani umepasuka.

Ikidondosha hata boila ikiwa baridi, pima presha ya bomba usiku, maana watu wakilala hupanda. Ikikaribia kiwango kilichoandikwa kwenye valvu, weka kipunguza presha kwenye maingilio, baa 3 zinatosha. Presha ikiwa sawa, inua mkono wa valvu mara chache ili mchanga utoke. Ikiendelea, nunua mpya ya kiwango kilekile.

Usizibe tundu lake kamwe. Thamostati ikishindwa kukata, maji yatapita nyuzi 100 ndani ya tangi lililofungwa, na tangi likipasuka yatageuka mvuke papo hapo.

Hatua ya 6: Jaza ndipo uwashe

Fungua maji ya kuingia na bomba la moto, subiri hadi upepo uishe na maji yatiririke bila kukatika. Elementi ikiwashwa bila maji huungua upesi. Kausha gasketi kwa kitambaa, funga kifuniko, washa. Maji yakishapata moto, zima breka, fungua kifuniko tena na upapase kuizunguka gasketi ukitafuta unyevu.