Jinsi ya kumtambua staa anayeipenda timu kweli na yule anayeuza sura

Nachapa majina na namba kwenye jezi, mwaka wa 14 huu. Mteja analeta jezi, napanga herufi mgongoni, nabana kwa mashine ya joto, nasubiri ipoe, nabandua karatasi. Kazi hii inakuzoesha kuitazama jezi kabla hujamtazama aliyeivaa. Ndiyo maana kila picha ya mwanamuziki au mwanasiasa akiwa uwanjani ikianza kuzunguka, shemeji yangu hunitumia na swali lilelile: "Shemeji, huyu wa kweli au anatafuta kiki?"

Nimemjibu mara nyingi hadi majibu yamekuwa na utaratibu wake. Nauandika hapa ili siku nyingine nimtumie yeye, nirudi kwenye mashine yangu.

Anza na jezi yenyewe. Ivute picha karibu. Jezi iliyotoka kwenye mfuko leo ina alama za mikunjo: mmoja unashuka katikati ya kifua, mwingine unakata tumbo kwa upana. Herufi zake zinang'aa na kingo zimelala sawasawa. Jezi iliyofuliwa misimu miwili haiko hivyo. Namba huanza kupata nyufa nyembamba, kwa sababu kitambaa kinavutika kila unapoivaa na ile plastiki ya juu haitaki kuvutika nacho. Halafu soma jina. Staa aliyekabidhiwa jezi na klabu mbele ya kamera mara nyingi huwa ameandikiwa jina lake mwenyewe. Shabiki huandikisha jina la mchezaji, na mara nyingine ni mchezaji aliyekwisha kuuzwa, tena kwa ugomvi, na jezi bado anaivaa.

Lakini usihukumu kwa jezi peke yake. Mtu mwenye fedha anaweza kuwa na jezi mpya kila wiki na mapenzi ya miaka 40. Mikunjo inakuambia tu kwamba jezi ni mpya. Hatua inayofuata ndiyo inayofungua mlango: uliza nani alimwalika.

Mimi ni shabiki wa Everton ya Uingereza, kwa hiyo nitaanza kwa kuanika nguo zetu wenyewe. Januari 2007, mwigizaji Sylvester Stallone alitembezwa uwanjani Goodison Park kabla ya mechi na Reading, ameinyanyua skafu ya bluu juu kwa mikono miwili, uwanja mzima unamshangilia. Mechi ikaisha 1-1. Nilifurahi kama mtoto. Baadaye nikaunganisha vipande. Siku hizo filamu yake mpya ilikuwa inaingia kwenye majumba ya sinema ya Uingereza, na mkurugenzi mmoja wa Everton wakati huo, Robert Earl, ndiye mwanzilishi wa Planet Hollywood, biashara ya migahawa ambayo Stallone alishirikishwa. Hakuna aliyedanganywa pale. Mgeni alikuja kwa rafiki yake, akapokewa vizuri, akaaga. Ila ukiniuliza kama aliumia tulipopoteza mechi za baadaye, nitacheka.

Mengine hata hayahitaji upelelezi. Oktoba 2022 Barcelona walivaa nembo ya bundi ya mwanamuziki Drake kifuani wakacheza na Real Madrid, wakafungwa 3-1. Oktoba 2023 wakavaa nembo ya midomo ya bendi ya Rolling Stones dhidi ya Madrid haohao, wakafungwa 2-1. Mdhamini wa jezi ni Spotify, na Spotify inauza muziki. Hilo ni tangazo, limalizie hapo. Drake huyohuyo amepigwa picha na jezi na wachezaji wa timu nyingi hadi watu wakaanza kusema ana gundu. Mwaka 2019 alipiga picha na Layvin Kurzawa wa PSG, PSG wakaenda kutandikwa 5-1 na Lille, na AS Roma wakatangaza kwa utani kwamba wachezaji wao hawaruhusiwi kupiga naye picha hadi msimu uishe. Staa wa namna hii msimchukie. Hajawahi kuapa.

Sasa sehemu ambayo ningependa uikazie. Ukitaka kumjua staa, tafuta mwaka mbaya wa timu yake, halafu mtafute yeye ndani ya mwaka huo. Usipoteze muda na fainali, kwenye fainali kila mtu yupo.

Mwanamuziki Elton John alilelewa Pinner, jirani na Watford, na baba yake alikuwa akimpeleka uwanjani akiwa mdogo. Alipokuwa mwenyekiti wa klabu mwaka 1976, Watford walikuwa daraja la nne. La nne! Alikuwa katika kilele cha umaarufu wake na angeweza kukaa jukwaa la heshima la timu yoyote aliyoitaka. Akamchukua kocha Graham Taylor, wakapanda hadi daraja la kwanza kufikia 1982, na msimu wao wa kwanza huko juu wakamaliza nafasi ya pili nyuma ya Liverpool. Mei 1984 wakafika fainali ya Kombe la FA. Kabla ya mechi, wakati ule wimbo wa kanisani wa kila fainali unaimbwa, kamera ilimkuta Elton akilia, machozi yanashuka chini ya miwani. Wakafungwa 2-0, mabao ya Sharp na Gray. Waliowafunga ni sisi Everton, na lile kombe nalipenda mno, lakini kila nikiiona picha ile nakosa raha kidogo. Machozi yale yalikuja kabla mpira haujapigwa, na hayakuwa ya kushinda wala kushindwa. Mtu wa kuuza sura angesubiri matokeo kwanza.

Delia Smith naye. Mpishi wa televisheni, mtaratibu, mama wa vitabu vya mapishi, na hadi 2024 mmiliki mkuu wa Norwich City pamoja na mumewe. Februari 2005 Norwich walikuwa wanapigania kutoshuka daraja. Wameongoza 2-0 dhidi ya Manchester City, zimerudi zote, mapumziko ni 2-2. Mama akashuka uwanjani, akachukua kipaza sauti, akaanza kuwafokea mashabiki wake mwenyewe: mko wapi, mko wapi! Watu wakamcheka kwa miaka. Norwich wakafungwa 3-2 dakika za mwisho, na mwisho wa msimu wakashuka. Mimi huwa nawaambia wanaomcheka waniletee mshauri yeyote wa mambo ya sura ya mtu ambaye angekubali mteja wake afanye vile. Hayupo. Pale hapakuwa na hesabu yoyote, mama alikuwa amechanganyikiwa na timu yake, basi. Na baada ya kushuka hakuondoka.

Nao kina Gallagher wa Oasis, Noel na Liam, ambao shemeji huwataja kila mara kwa sababu naye ni wa Manchester City. Aprili 1996 walipiga shoo mbili Maine Road, uwanja wa City, bendi ikiwa juu kabisa. Siku chache baadaye, tarehe 5 Mei, City wakashuka daraja, huku United wa mji huohuo wakibeba ligi na Kombe la FA. Miaka miwili mbele City wakaangukia daraja la tatu. Watoto hawa wa Burnage walibaki palepale, wakati kuitaja City kulikuwa ni kujiitia vicheko. Ndiyo maana leo wakijigamba nawaachia. Wana stakabadhi.

Ukishapata mwaka mbaya, kazi kubwa imekwisha. Yaliyobaki ni mitego.

Mtego wa kwanza ni mtihani wa majina. Watu wanapenda kumdaka staa kwa kumuuliza mfungaji wa mwaka fulani au beki wa kushoto wa sasa. Shemeji alinifanyia hivyo mbele ya mke wangu, wiki ambayo nilikuwa na oda ya jezi 200 na sijaona mechi tatu mfululizo. Jina la beki wetu wa kushoto likanitoka. Nikagugumia. Kwa mizani yake, mapenzi yangu yote tangu utotoni yakafutika kwa sekunde kumi. Maarifa hupotea mtu akibanwa na kazi, na upande wa pili, mjanja yeyote anaweza kukariri kikosi ndani ya gari akielekea uwanjani.

Ila kuna kosa moja ambalo hata mimi silisamehi: kukosea jina la timu. David Cameron, akiwa waziri mkuu wa Uingereza, alijitambulisha kwa miaka kuwa wa Aston Villa. Mume wa ndugu ya mama yake aliwahi kuwa mwenyekiti wa klabu hiyo, kwa hiyo si kwamba aliokota jina barabarani. Kisha Aprili 2015, kwenye hotuba ya kampeni, akawaambia watu ni afadhali waishabikie West Ham. Baadaye akasema akili ilimpotea ghafla. Timu zote mbili huvaa rangi ya damu ya mzee na bluu, sawa. Lakini mtu anaweza kusahau siku ya kuzaliwa ya mkewe, akasahau na ufunguo mlangoni, timu yake asiisahau. Mwanamfalme William, ambaye naye ni wa Villa, aliichagua akiwa shuleni wakati wenzake walikuwa wa Manchester United na Chelsea. Alikuwa nayo iliposhuka 2016. Huyo sijawahi kusikia amejikwaa.

Mtego wa pili ni hadithi tamu. Kwa miaka mingi nilikuwa nasimulia jinsi Tony Blair, waziri mkuu wa zamani wa Uingereza, alivyodai kwamba alikaa nyuma ya goli Newcastle akimtazama mshambuliaji Jackie Milburn, wakati Milburn aliondoka 1957 na Blair alizaliwa 1953. Watu walikuwa wanavunjika mbavu. Halafu mahojiano yenyewe ya redio yakatafutwa na kusikilizwa upya, kumbe Blair alisema alianza kuishabikia timu baada tu ya enzi za Milburn. Hakudai kumwona. Muongo nilikuwa mimi, na wengine wengi. Tangu hapo sipeleki kwa shemeji kisa chochote ambacho sijaona picha yake au kusikia sauti yake.

Mtego wa tatu ni fedha, na hapa watu wanakosea upande wa pili. Wanadhani mtu akiwa na maslahi kwenye klabu, mapenzi ni ya uongo. Rwanda ililipia nembo yake kwenye mkono wa jezi ya Arsenal kuanzia 2018. Hata hivyo, Agosti 2021 Arsenal walipofungwa 2-0 na Brentford waliokuwa wamepanda daraja karibuni, Rais Paul Kagame alilalamika hadharani kwamba mashabiki hawastahili kuzoeshwa hali ile. Mwenye tangazo angenyamaza. Mwanamuziki Ed Sheeran, kijana wa Suffolk, mkoa wa Ipswich, aliweka nembo yake kifuani mwa jezi ya Ipswich mwaka 2021 wakiwa daraja la tatu, 2024 akanunua asilimia 1.4 ya hisa, na mwisho wa msimu huohuo wakashuka kutoka Ligi Kuu. Nani ananunua hisa hizo kwa ajili ya faida?

Na wapo ambao fedha ilitangulia na mapenzi yakaja nyuma. Waigizaji Ryan Reynolds na Rob McElhenney walipoinunua klabu ya Wrexham Februari 2021 hawakuficha kwamba soka hawalijui. Kufikia 2025 timu ilikuwa imepanda mara tatu mfululizo, na nyuso zao wakati wa mechi sasa ni za watu wenye vidonda vya tumbo. Kama mtu anaweza kuoa kwanza akapenda baadaye, sioni kwa nini hawa wanyimwe.

Kuna kipimo kimoja kidogo ambacho hakikosei: mtu anayeshabikia dhidi ya maslahi ya nyumbani kwao. Mcheza tenisi Rafael Nadal ni wa Real Madrid. Ami yake, Miguel Ángel Nadal, alikuwa beki wa mahasimu wao Barcelona miaka ya 1990. Fikiria sikukuu za familia hiyo. Huyo usimpime tena.

Mwisho, usidai lazima aende uwanjani. Papa Francis alikuwa mwanachama wa San Lorenzo ya Buenos Aires, kadi namba 88235. Tangu Julai 1990 alikuwa na nadhiri ya kutotazama televisheni, kwa hiyo hakuziona mechi, hata timu ilipobeba Copa Libertadores mwaka 2014. Lakini mlinzi mmoja wa Vatikani alikuwa akimletea matokeo na msimamo wa ligi kila wiki.

Nilimtumia shemeji kisa hiki. Akajibu kwamba mtu asiyetazama mechi miaka zaidi ya 20 hawezi kuitwa shabiki. Nikamuuliza yeye aliipenda City mwaka gani. Akasema zamani sana. Nikamwambia alete jezi yake ya kwanza niikague. Akaileta Jumamosi, imekunjwa vizuri, mgongoni Agüero, 16, jezi ya msimu wa 2011/12, ule City waliobeba ligi. Herufi hazina ufa hata mmoja.