Leseni ya uvuvi Malindi na Lamu, anza na BMU (kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo) ya bandari yako

Wengi huuliza leseni ya kuwinda, jamani kuwinda nyama pori Kenya kulipigwa marufuku 1977, hakuna leseni ya kwenda kupiga paa porini. Huku kwetu leseni unayoihitaji ni ya bahari.

Kwanza enda BMU ya pale unapoteremshia samaki, ujiandikishe uanachama, beba kitambulisho. Hawa ndio wanaokujua, na ukiruka hapa utazungushwa huko mbele. Halafu ndio uende ofisi ya uvuvi.

Sasa pesa. Watu huchanganyikiwa hapa kwa sababu wanadhani ni ada moja, kumbe mvuvi ana leseni yake na chombo kina usajili wake, na BMU nayo ina michango yake, kwa hivyo uliza kila kimoja peke yake kabla hujatoa hata shilingi na usikubali kuondoka bila risiti. Kulipa mtu mkononi bila karatasi mimi nakataa kabisa.

Leseni haikupi ruhusa ya kila kitu. Juya (wavu wa kukokota), nyavu za plastiki za uzi mmoja na bunduki ya mshale ni marufuku, hata mzee wako akiwa alitumia. Kasa na nguva usiguse, wakinasa waachilie. Ndani ya hifadhi ya taifa ya bahari ya Malindi hakuna kuvua kabisa, lakini kule Kiunga, Lamu, ni hifadhi ya aina nyingine, wavuvi wa mitego ya kienyeji wanaruhusiwa, so uliza KWS (shirika la wanyamapori) mpaka uko wapi kabla ya kutia nanga.